Mfuko Uliorudi Umejaa

Muaither, Doha, Ijumaa alasiri

Wakesho mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, maana nakusikia hapo chumbani ukigombana na zipu ya sanduku, na kwa jinsi unavyoitukana, u mzima kabisa. Baba yako ameketi juu ya sanduku hilo ili lifunge. Mimi nimejifungia jikoni nikisema napika, na kweli maharagwe yako mekoni, lakini ninachofanya ni kukuandikia wewe. Barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako, uisome ukishafika. Ukiisomea hapa tutalia wote, na mimi leo sitaki kulia. Leo nataka kuringa.

Ya sweta, ya dawa za malaria, ya kupiga simu kila Jumapili, hayo muulize baba yako. Ameyasema wiki nzima na bado hajamaliza. Mimi nataka kukueleza jinsi nilivyokaribia kukuharibia kazi hii, na kwa nini najuta kidogo na kujivuna sana.

Nianze na babu yako Mwakio, baba yangu. Wewe unamjua kwa picha tu, ile aliyovaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, kasimama kama askari mlangoni mwa behewa. Alikuwa mhudumu wa meza katika behewa la mkubwa wa reli, enzi za mkoloni. Behewa hilo lilikuwa nyumba kamili, lina kitanda, bafu, jiko na meza ya kulia yenye vijiko vya fedha. Mkubwa akitaka kukagua njia, lilifungwa nyuma ya treni na babu yako akaondoka nalo, bibi yako pale Voi asijue mumewe atarudi lini.

Mkubwa wa kwanza aliyemtumikia alistaafu akarudi kwao, serikali ikaanza kutafuta mwingine. Ikamtafuta ng'ambo. Baba yangu alisema watu walikuwepo hapa hapa, hata Wazungu wenyewe waliozeekea kwenye reli hiyo wakaijua njia yote tangu pwani hadi ziwani. Hawakutazamwa. Serikali ilitaka mtu wa kutoka mbali, wa reli kubwa ya kwao Uingereza, ikambembeleza miezi na miezi kwa simu za maandishi. Ataishi wapi, mkewe atapewa watumishi wangapi, atarudi kwao likizo kila baada ya muda gani. Makarani walizisoma hizo simu, na habari zikafika jikoni kabla hazijamfikia gavana.

Mwishowe akaja. Watu walipangwa stesheni wamevaa safi, watoto wakaimbishwa. Alipewa nyumba kilimani, yenye baraza kuizunguka pande zote. Mkewe alikuja na piano, na piano hiyo ikapewa behewa lake peke yake kutoka bandarini, na wanaume wanane wa kuipandisha kilimani huku yule mama akiwafuata nyuma na mwavuli, si wa kujikinga yeye, wa kuikinga piano.

Nilipokuwa mtoto sikuchoka kusimuliwa piano. Baba akianza hadithi ya yule Mzungu, mimi namkatiza, "Fika kwenye piano." Hadithi ilikuwa na nusu ya pili, na nusu hiyo niliisikia mara nyingi pia, lakini niliisikia nikisinzia. Kwa hiyo nikakua nikiamini kwamba ukubwa ni nyumba kilimani na watu wanane nyuma ya mzigo wako.

Imani hiyo ilinigharimu. Kabla hatujaja huku, wewe ukiwa bado unang'oka meno, nilipandishwa cheo katika hospitali moja kule nyumbani, nikawa mkuu wa wodi. Nilipewa kiti cha kuzunguka na beji yenye jina langu kamili. Nilifurahi hata nikaivaa beji ile kanisani. Lakini zamu za wauguzi zilipangwa na mtu mwingine, dawa ziliagizwa na mtu mwingine, nami nikawa natia sahihi mambo ambayo ningeulizwa ningeyakataa. Wodi ikikosa muuguzi usiku, jina lililolaaniwa ni lile la kwenye beji. Nilipopata nafasi ya Doha, watu walisema nimefuata riali. Nilikuwa nakimbia kile kiti.

Ungedhani nilijifunza. Subiri.

Sasa tuje kwako. Nimengoja posa katika nyumba hii tangu ulipomaliza chuo. Wenzangu kanisani Mesaimeer wamepokea washenga, wameshona sare, wameniuliza "Na Wakesho je?" nami najibu kwamba Wakesho anaongoza treni za metro chini ya jangwa, hana wakati. Nikakata tamaa kabisa. Halafu posa ikaja, na mchumba ni serikali.

Walikuja watu watatu kutoka Nairobi, kiongozi wao Bwana Mutiso, mtu wa sauti ya upole na viatu vinavyong'aa. Serikali inaanzisha reli mpya ya abiria na inatafuta mkuu wa uendeshaji. Imemtafuta ng'ambo, na huko ng'ambo ikamkuta binti wa Voi. Mlikutana hotelini mara mbili, na mara zote mbili ukarudi nyumbani umenuna. Ulikuwa umewaomba jambo moja tu. Uwe na mamlaka ya kufunga njia ukiona si salama, treni zote zisimame, na asiwepo mtu yeyote ofisini wala bungeni wa kukuamuru uifungue. Na liandikwe kwenye mkataba. Kila ulipoligusa, wao walianza kuzungumza habari za hali ya hewa.

Nikakwambia, waalike nyumbani Ijumaa, siku ya kanisa huku, baada ya ibada. Ukasema, "Mama, hii si posa." Nikasema najua. Lakini nilishampigia Mzee Opio.

Opio, kama unavyojua, hana udugu wowote nasi. Yeye ni mtu wa Tororo, ni msimamizi wa walinzi, na huku ugenini mtu akikusaidia kupandisha friji ngazi tatu basi amekuwa mjomba. Alikuja na koti lake la kahawia katika joto lile. Nilipika kuku, chapati na sukuma, tukawakaribisha wageni nao wakatoa mfuko waliotuletea, wa majani ya chai, sukari, unga wa mahindi na leso moja mpya. Nikaushukuru, nikauweka jikoni nifungue baadaye, maana chapati zilikuwa zinaungua.

Mzee Opio akafungua mazungumzo. Akasema tumesikia kwamba wageni wameona ua ndani ya boma letu. Wewe ukafunika uso kwa mikono yote miwili. Lakini Mutiso, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda, aliweka kikombe chini na kujibu kwa heshima zote kwamba ni kweli, ua wameliona, na wametoka mbali kwa ajili yake.

Basi na mimi nikajitosa. Nyumba, nikasema, yenye bustani na mtaa mzuri. Sawa mama. Gari na dereva. Sawa mama. Tiketi za kuja kutuona sisi wazazi wake. Hiyo haina shida mama. Likizo ndefu, msaidizi wa ofisini, msaidizi wa nyumbani. Kila nilichotaja walikubali kabla sijamaliza kukitamka, nami nikazidi kuchangamka, nusura niombe piano, na wewe hata filimbi hujui kupuliza. Wale wenzake Mutiso wawili walikuwa wameshatoa simu zao wanaandika ujumbe, kama watu waliomaliza kazi.

Baba yako hakuwa amesema neno tangu chapati ya kwanza. Akauliza, "Na ile ya kufunga njia?"

Mutiso akaeleza vizuri sana, kwamba treni hizi zina wenyewe wengi, kwamba kuna sherehe za taifa, kuna wakubwa wa kupokewa, kwamba jambo kama hilo lina taratibu. Akamaliza kwa kunigeukia mimi, si wewe. "Mama, hiyo isituharibie siku. Akishafika, tutakaa chini, tutaangalia."

Wakesho, mimi nimezaliwa Kenya. Najua "tutaangalia" ni nini.

Na hapo, nikiwa na kijiko mkononi, ile nusu ya pili ya hadithi ya babu yako ikanijia nzima, kwa sauti yake mwenyewe.

Yule mkubwa kutoka ng'ambo alikuwa mtu wa kazi. Msimu wake wa kwanza wa masika alipita na behewa lake akaona sehemu moja ya tuta, upande wa nyikani, inayolika na maji. Akaagiza njia ifungwe mpaka tuta lijazwe upya. Jioni ileile jibu likatoka kwa serikali kwamba shehena ya serikali haingoji mvua, njia ibaki wazi, yeye atoe ushauri tu. Akatoa ushauri. Siku chache baadaye treni ya mizigo ikalala ubavu mahali palepale, na mtia makaa wake, jirani wa babu yako katika nyumba za reli, hakutembea tena bila mkongojo. Mchana huo babu alimwandalia mkubwa chakula, hakukigusa. Kiingereza cha babu kilikuwa cha mezani tu lakini kilimtosha kuelewa alichomwambia mkewe. Alisema, "Wamenipa kila kitu isipokuwa reli."

Babu akaondoa sahani ikiwa imejaa. Yule bwana alibaki kwenye nyumba yake ya kilimani mpaka siku ya kustaafu, akawa mpole, akawa anapanda waridi.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliingia jikoni nikautwaa ule mfuko kama ulivyokuja, nikaurudisha sebuleni na kuuweka miguuni pa Mutiso. Nikasema, "Bwana Mutiso, asanteni kwa kutukumbuka. Chai yenu ni hii, na unga wenu ni huu. Leso sijaikunjua."

Unajua mwenyewe kwetu mfuko wa mgeni unavyofanywa. Unautoa vitu vyake, unatia vyako, hata kama ni ndizi mbili tu, mgeni arudi nao una kitu. Mfuko ukirudi na vile vile ulivyokuja navyo, hakuna haja ya kueleza. Wale wawili waliacha simu zao. Opio alivua miwani akaifuta, akairudisha, akaivua tena.

Mutiso akasema taratibu, "Mama, kwani tumekosana wapi?"

Nikamwambia, "Hatujakosana. Mmekuja kuchumbia picha ya binti yangu. Binti mwenyewe hamjamtaka."

Waliondoka na mfuko wao. Opio aliwasindikiza mpaka kwenye gari, kwa kuwa adabu ni adabu. Na wewe ukasimama pale kwenye mlango wa jikoni, na nitakumbuka maneno yako mpaka niingie kaburini. "Mama, hiyo ilikuwa kazi yangu. Haikuwa ndoa yako." Ukaosha vyombo vyote, ukaenda zamu.

Ulisema kweli. Nilikuwa nakutazama wakati Mutiso akisema tutaangalia, na nikaona mdomo wako unafunguka. Hadi leo sijui ungesema nini. Pengine ungekubali, na pengine ungewakataa vizuri kuliko nilivyowakataa mimi, bila unga wala leso. Nilikunyang'anya nafasi hiyo, na siwezi kukurudishia. Sikuwa nikikupigania wewe peke yako, nilikuwa nakipiga teke kile kiti cha kuzunguka, miaka yote hii baadaye, mbele ya wageni wako. Mzazi akijua kosa lake litamuumiza mtoto hulifanya kwa woga. Mimi nililifanya kwa ushujaa, na hilo ndilo baya zaidi.

Ule muda wa kungoja kama Nairobi watarudi ulikuwa mrefu. Kanisani habari zilishaenea, na Mesaimeer hakuna kuta za kuzuia habari. Mmoja aliniambia nimeipiga bahati ya mwanangu kwa mwiko. Mwingine akaniombea, kwa sauti, nikiwa nimesimama papo hapo. Nilijibu kwa ukali, lakini nikirudi nyumbani nilikuwa nakaa kitandani nikiogopa kwamba wamesema kweli. Nyumbani ulinisalimu kama unavyomsalimu bawabu. Baba yako peke yake ndiye aliyekuwa akila kwa raha.

Halafu mchana mmoja wewe ukaingia, ukavua viatu, ukaja moja kwa moja jikoni. Nilikuwa nakata vitunguu, namshukuru Mungu kwa vitunguu. Ukasema, "Wamekubali. Wameandika." Kisha ukanionyesha kwenye simu. Kifungu kizima, lugha ya mawakili, lakini hata mimi nilielewa, kwamba mkuu wa uendeshaji akiifunga njia, hakuna wa kuifungua ila yeye.

Nilipiga vigelegele, Wakesho. Nilipiga mpaka Umm Karim, yule jirani Mmisri, akagonga mlango na unga mikononi. Akauliza kwa Kiarabu kama ni harusi. Nikasema naam, ni harusi. Akapiga na yeye, na yeye ana mapafu kunishinda. Wewe ulisimama katikati yetu ukicheka na kulia, ukanikumbatia kwa nguvu nikiwa na kisu mkononi, baba yako anapiga kelele kwamba tutachinjana.

Mutiso alirudi Doha kwa ajili ya sahihi, akaja nyumbani na mfuko uleule. Uliniona nikiufungua mbele yake na kumsongea ugali wa ule unga, na alipoondoka uliona nilivyoujaza tende mpaka mshikio ukakatika. Ambalo hukusikia ni aliloniambia ngazini. Aliniambia, "Mama, nilipofika Nairobi niliwaeleza wakubwa kwamba nimerudishiwa mfuko. Hakuna aliyeniuliza maana yake." Alikuwa anatabasamu. Nadhani hata yeye alifurahi kushindwa. Mtu kama huyo umweke karibu.

Na nyumba kubwa uliikataa wewe mwenyewe, ukataka ya kawaida karibu na stesheni. Hapo nilinyamaza. Naanza kujifunza, ingawa kwa uzee huu ni kama kufundisha paka kuogelea.

Kuna jambo moja ninalotaka uliwaze kabla hujaingia ofisini. Umepata kazi hii kwa kuwa wewe ni hodari, na pia kwa kuwa umetoka mbali. Pale nyumbani kuna watu ambao hawakutazamwa, kama wale wa zamani hawakutazamwa. Wengine watakuchukia siku ya kwanza, na hawatakuwa wamekosea sana. Usiwanunue kwa maneno matamu. Kunywa nao chai, waulize, na mahali wanapokushinda kubali umeshindwa. Babu yako alisema yule Mzungu aliposhuka stesheni alisalimiwa na kila mtu na hakumjua hata mmoja, na hakupata kuwajua. Wewe una lugha yao, na una sura ya bibi yako. Vitumie.

Na ile mamlaka uliyoipata usiiweke kabatini kama vyombo vya wageni. Siku itafika. Mvua itanyesha, au kitu kitalegea mahali, na siku hiyo itakuwa siku ya mkubwa fulani kusafiri, au siku ya sikukuu, stesheni imejaa watoto wenye nguo mpya. Utaifunga. Simu zitaanza kulia, na wakishindwa na wewe watakumbuka kwamba una mama. Watanipigia huku Doha, kwa upole, waniombe nizungumze na binti yangu.

Nitawaambia sikuzuii wala sikusukumi, hiyo ni kazi yako. Nilichelewa kulielewa hilo lakini nimelielewa.

Na itawezekana kabisa kwamba siku hiyo mimi mwenyewe nitakuwa ndani ya moja ya hizo treni. Nitakuwa nimestaafu, nimerudi Voi, nimevaa vizuri, nakwenda kwenye harusi ya mtoto wa mtu, nimechelewa. Treni itasimama katikati ya nyika, joto, hakuna maji, watu wanafyonya. Nami nitafyonya pamoja nao, nakujulisha mapema, nitalalamika kuliko wote, maana sipendi kuchelewa harusini. Usifungue. Hata ukijua nimo humo, hata nikikupigia mwenyewe, usifungue mpaka njia iwe njia.

Kisha kuna mtu ndani ya behewa atauliza, kwa hasira, ni nani huyo anayejiona mkubwa kiasi cha kuwasimamisha watu wote hawa juani. Nitanyanyuka kitini, pole pole kwa ajili ya magoti, nisubiri wanyamaze. Nitasema, "Ni binti yangu."

Mama